Naamka saa tisa usiku, nasinzia kanisani: je, imani yangu imekufa?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mama lishe hapa Mbagala, nina watoto wawili. Naamka saa tisa usiku kuwasha mkaa, nachemsha supu, nasukuma chapati, na ikifika jioni nimechoka kiasi kwamba hata Biblia siifungui. Jumapili nasinzia ibadani. Nilikulia Makete kwa bibi yangu, na kule kuomba kulikuwa rahisi. Ukitoka nje tu, milima na maua vinakukumbusha Mungu. Hapa naona moshi na kunguru. Nilipoyasema haya kwenye jumuiya, mama mmoja alinijibu kwamba kumtafuta Mungu kwenye maua ni upagani, na kwamba shida yangu ni imani haba. Je, imani yangu imekufa? Na ni kosa kutiwa moyo na maua kuliko mahubiri?

JIBU: Amina, dada yangu. Sidhani kwamba imani yako imekufa. Nadhani umechoka, na uchovu wa mwili ni jambo ambalo Biblia inalichukua kwa uzito kuliko sisi wahubiri tunavyolichukua. Nitafika huko. Nianze na hao kunguru, maana umewataja kana kwamba ndio ushahidi kwamba Mungu alibaki Makete.

Fungua Luka 12, mstari wa 24: "Watafakarini kunguru, ya kwamba hawapandi wala hawavuni, hawana ghala wala uchaga, na Mungu huwalisha." Katika Mathayo, Yesu anasema "ndege wa angani" kwa jumla. Luka ndiye anayetutajia ndege mwenyewe, na ni ndege ambaye msikilizaji wa Kiyahudi asingemtarajia. Torati ilikuwa imemweka kunguru kwenye orodha ya ndege najisi. Yumo katika Walawi 11:15, pamoja na wala mizoga wengine. Yesu angeweza kumtaja njiwa, ambaye watu walimpeleka hekaluni kama sadaka, na kila mtu angekubali kwamba Mungu anamjali njiwa. Akamchukua ndege wa jalalani, akawaambia wanafunzi wamtazame kwa makini.

Wale unaowaona wewe wana kijivu shingoni. Ni jamaa wa yule wa Biblia, na hata hapa pwani ni wageni: waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, ikitarajiwa watasaidia kula takataka, kisha wakaenea pwani nzima. Wanakula vifaranga, wanaiba mayai, na andazi lisilofunikwa wanaondoka nalo. Sikuambii uwapende. Ninachokuomba ni uwatazame siku moja kulipopambazuka, wakati supu yako inatokota. Kunguru hana akiba. Hajui jalala la leo lina nini. Hata hivyo hakai juu ya waya akingoja kulishwa. Tangu mwanga wa kwanza yuko kazini, anapekua, anabeba, anarudi. Yesu hakumsifu kwa uvivu, na wala hakulaumu kuamka kwako saa tisa. Anachotaka kukutua ni ule mzigo wa pili, unaoubeba juu ya sufuria na ndoo za maji: kudhani kwamba usipoamka wewe, hakuna mwingine mbinguni wala duniani anayewajali watoto wako. Kazi ni yako. Huo mzigo wa pili haukuwa wako tangu mwanzo.

Sasa hilo la upagani. Yule mama wa jumuiya ana jambo la kweli mkononi, ila amelishika vibaya. Biblia inakataza kabisa kuabudu kilichoumbwa. Kumbukumbu la Torati 4:19 inawaonya Waisraeli wasije wakainua macho, wakaona jua, mwezi na nyota, wakashawishika kuvisujudia. Nasi kwetu tunajua mambo ya namna hiyo: mti unaofungwa kitambaa na kuwekewa sadaka, chemchemi inayoombwa mtoto. Kuna na lile jingine ambalo Wakristo wengi hawaliachi hata baada ya kipaimara, la kusoma ishara. Bundi akilia juu ya paa, usingizi unaisha. Huko ni kupiga ramli kwa kutumia viumbe, na mwisho wake daima ni hofu.

Lakini tazama Paulo alivyofanya katika mji wa Listra, Matendo 14. Watu walikuwa wameleta ng'ombe na mashada ya maua wamtolee yeye na Barnaba dhabihu, wakiwadhania ni miungu walioshuka. Mitume wakararua mavazi yao kwa uchungu. Na papo hapo, katika kuwaondoa watu wale kwenye ibada ya sanamu, Paulo akawaelekeza kwenye mvua na mavuno, akasema Mungu "hakujiacha pasipo ushuhuda". Watu wale hawakuwa na Maandiko. Alianza na shahidi waliyekuwa naye, yaani chakula kilichowashibisha. Kwa hiyo kutazama mvua kukamrudishia mtu shukrani kwa Mungu ni jambo ambalo mtume mwenyewe alilihubiri. Kipimo ninachokitumia na washarika wangu ni hiki: ukimaliza kulitazama ua, unamshukuru nani, na unamwogopa nani? Kama shukrani imekwenda kwa Muumba na hofu imepungua, hakuna upagani hapo. Huyo mama usishindane naye. Msomee Matendo 14, mstari wa 8 hadi 18, kisha mwombe akuombee. Yumkini alikuwa anakuogopea tu.

Hata hivyo sitaki ubaki na Mungu wa maua peke yake, na hapa ndipo nitakapojibu lile swali lako la maua na mahubiri. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Ulikuwa mlima uleule ambao watu wake walikuwa wameuinulia macho kila asubuhi. Kama imani yangu ingekuwa imesimama juu ya uzuri wa milima tu, siku ile ingekuwa na nini cha kusema? Warumi 8:22 inasema viumbe vyote vinaugua pamoja, navyo vina utungu. Maumbile yanatuonyesha kwamba Mungu yuko, kwamba ni mkuu, kwamba ni mkarimu. Hayawezi kukuambia kama anakupenda wewe siku ambayo mafuriko yameingia ndani. Hilo tunaliona msalabani, na habari za msalaba huja kwa kuhubiriwa. Hakuna ua la okidi linaloweza kukuambia kwamba dhambi zako zimesamehewa. Yesu alipopashwa habari za maafa ya siku zake alikumbusha watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataa katakata kusema kwamba wao walikuwa wakosaji kuliko wengine. Basi nawe mtu asikutafsirie mafuriko kuwa hukumu, wala biashara nzuri kuwa cheti cha imani.

Kwa hiyo vishike vyote viwili. Neno linakuambia Baba ni nani. Ukiisha kulijua hilo, unatoka nje na kukuta mikono yake kila mahali. Aliyeanza na maua kama wewe hajakosea mlango, mradi asiishie barazani.

Nimesema "kila mahali", nawe utaniuliza kama jikoni kumo. Dada, jikoni ndiko kwa kwanza. Hebu angalia Yesu alifundisha kwa vitu gani: chumvi, taa, kiraka cha nguo, mbegu, nyavu, sarafu iliyopotea ndani ya nyumba. Katika Mathayo 13:33 ufalme wa mbinguni umefananishwa na chachu ambayo mwanamke aliisitiri ndani ya pishi tatu za unga. Wataalamu wa vipimo vya Kiyahudi hukadiria unga huo kuwa kama lita 40. Huo si unga wa chai ya familia. Mikate yake inashibisha watu zaidi ya mia moja. Yule mwanamke alikuwa anakanda unga wa umati, kazi unayoijua mabega yako yakiuma. Na baada ya kuisitiri chachu, kazi iliyobaki ilifanyika bila yeye kuiona.

Kisha kuna sura ninayotamani kila mama lishe aijue kwa moyo, Yohana 21. Yesu amefufuka. Wanafunzi wamevua usiku kucha bila kupata kitu, na mmoja wao, Petro, bado ana kidonda: alimkana Bwana wake mara tatu, tena mbele ya moto wa makaa, akiota pamoja na watumishi. Asubuhi wanafika ufukweni, na mstari wa 9 unasema waliona "moto wa makaa, na juu yake pametiwa samaki, na mkate". Mfalme wa mbingu na nchi, aliyeishinda mauti, ameamka kabla yao, amewasha mkaa na kuwapikia watu waliotoka kazini. Hakuanza na swali lake kwa Petro. Alianza na "Njoni mfungue kinywa." Walipokwisha kula ndipo akamuuliza Petro, mara tatu, kama anampenda. Kila nikiisoma najiuliza ule moshi ulimwingia Petro puani ukamkumbusha nini. Kesho saa tisa usiku, mkaa wako utakapoanza kushika, kumbuka kwamba kazi hiyo Bwana wako ameifanya, tena baada ya kufufuka.

Karne ya 17 huko Paris palikuwa na mtawa wa shirika la Wakarmeli aliyeitwa Ndugu Lawrence. Alipangiwa jikoni kwa miaka mingi, na kwa asili yake hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Huko jikoni ndiko alikojifunza kuzungumza na Mungu katikati ya makelele ya vyombo na watu wanaoita wanataka hiki na kile, mpaka akasema kwamba saa ya kazi na saa ya sala kwake hazikutofautiana. Namtaja kwa sababu hakuwa na mazingira mazuri. Hakuwa na mlima wala maua, alikuwa na sufuria.

Sasa uchovu wako. Nabii Eliya, baada ya ushindi wake mkubwa pale Karmeli, alikimbia hadi jangwani, akaketi chini ya mti uitwao mretemu, akamwomba Mungu afe. Ukisoma 1 Wafalme 19 polepole utaona kwamba Mungu hakumkemea kwa imani haba. Eliya alilala. Malaika akamgusa: "Inuka, ule." Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula tena, akisema safari hii ni kubwa mno kwako. Usingizi mara mbili na chakula mara mbili, kabla Mungu hajamuuliza hata swali moja. Baadaye, pale mlima Horebu, ukaja upepo mkali, tetemeko na moto, na Maandiko yanasema Bwana hakuwamo ndani yake. Ikaja sauti ndogo, ya utulivu. Eliya asingeisikia sauti ile angali amelegea kwa njaa na usingizi.

Ndiyo maana nasema kusinzia kwako kanisani kusikutie hatia. Mwili wako umekaa chini mara moja kwa wiki mahali ambapo hakuna anayeuliza chapati zimebaki ngapi, nao unachukua haki yake. Ila haki hiyo uipe mahali pake. Tafuta nusu siku ambayo hutapika biashara, hata kama mapato yatapungua kidogo. Panga na mwenzako wa kibanda cha jirani mpokezane. Sabato ilitolewa kwa watu waliotoka utumwani Misri, ambako hakuna mtu aliyekuwa na siku ya kupumzika, na amri yenyewe inamtaja mjakazi na hata ng'ombe. Na niseme jingine bila kuzunguka: kama hulali hata ukipata nafasi, kama chakula hakikupendezi kwa wiki kadhaa, au kama moyoni yanapita mawazo ya kutamani usiwepo, nenda kituo cha afya ukamweleze mganga hayo yote kama yalivyo. Eliya alihudumiwa mwili wake, na hakuna aibu nawe kuhudumiwa.

Kuhusu kuomba, achana kwanza na sala ndefu. Una sala moja fupi iliyotungwa kana kwamba kwa ajili ya mama lishe: "Utupe leo riziki yetu." Iseme unapopima unga. Mwaka 1529 Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo, kijitabu chake cha mafundisho ya imani ambacho huenda bibi alikufundisha, alieleza kwamba riziki hiyo ni zaidi ya chakula: ni mavazi, nyumba, watoto, serikali nzuri, hali nzuri ya hewa, afya, majirani wema. Chukua kimoja kila siku ukishukuru kwa jina lake. Jumatatu yule muuza mkaa anayekukopesha. Jumanne bomba kutoka maji. Ukipakua sahani ya kwanza, mwombee atakayeila, yule kondakta au fundi, hata kama jina humjui. Hayo hayaongezi dakika kwenye siku yako. Watoto nao wanaweza kushiriki: kila mmoja aseme usiku jambo moja aliloliona la Mungu, hata kama ni kumbikumbi waliotoka ardhini baada ya mvua.

Nisiache Makete bila neno, maana uwanda wa Kitulo ninaufahamu. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Ina aina zaidi ya 350 za mimea, na kati ya hizo okidi peke yake ni kama aina 45. Ukifika Julai utasema hakuna kitu: baridi kali, nyasi za kahawia. Okidi ziko chini, kila moja imebaki kiazi kidogo udongoni. Mvua zikianza, kuanzia Novemba hadi Aprili, uwanda wote unavaa njano, zambarau na nyeupe. Na mbegu ya okidi ni kama vumbi. Haina akiba yoyote ya chakula ndani yake, tofauti na punje ya hindi au haragwe. Haiwezi kuota mpaka ikutane na kuvu wa udongoni atakayeilisha. Nyingi hazikutani naye. Zile zinazokutana ndizo zile ulizokuwa ukizirukia ukienda kuchota maji.

Ninachokiona kikubwa hapo ni kwamba sehemu kubwa ya maua hayo hakuna anayeyaona. Katika Ayubu 38 Mungu anamuuliza Ayubu ni nani anayenyesha mvua katika nchi isiyo na watu. Anatia urembo mahali pasipo na wa kumsifu, kwa sababu ndivyo alivyo. Wewe unayewasha mkaa mtaa mzima umelala, usidhani kwamba lisiloonwa na mchungaji wala jumuiya halionwi. Tena maua hayo sasa yanahitaji watu: vile viazi vya okidi huchimbwa kwa ajili ya chikanda, yaani chakula kinachotengenezwa kwa viazi hivyo, na kuuzwa hadi Zambia, na mmea uliong'olewa hauchanui tena. Mkristo anayetiwa moyo na bustani ya Mungu ana wajibu wa kuilinda. Ukiongea na ndugu zako nyumbani, waambie hilo, nami najua maisha yao yalivyo magumu. Watafutiwe kipato kingine, si kukaripiwa tu.

Kama unataka mahali pa kuanzia kusoma, anza na Zaburi ya 104. Ina mistari 35. Soma mitano kwa siku, kwenye simu, ukiwa daladala. Utaona usiku umetajwa hapo kama zamu: simba hutoka gizani, wakinguruma na kutafuta chakula chao kwa Mungu, jua likichomoza wanarudi kulala mapangoni, na mstari wa 23 unasema mwanadamu anatoka kwenda kazini kwake mpaka jioni. Kazi ya mwanadamu imewekwa pale katikati ya simba, ndege na bahari, kama kitu kimoja na sifa zote za zaburi hiyo. Ukifika mstari huo, ongeza kimoyomoyo kazi yako kwa jina.

Na jumuiya usiiache. Kama yenu inakutana alfajiri, saa ambayo wewe uko jikoni, mweleze mzee wa kanisa wa mtaa wako mjaribu kukutana jioni ya Jumapili, au wenzako waje kibandani kwako mchana wateja wakishapungua. Hutakuwa mama lishe pekee katika mtaa huo mwenye shida hiyo. Waulize wengine kabla hujaenda kwake, muende pamoja.